Fosfini ya Zuhura na Mawe ya Mizani

Msikilizaji, tarehe 14 Septemba 2020 kundi la wanaastronomia likiongozwa na Profesa Jane Greaves wa Chuo Kikuu cha Cardiff, Uingereza, lilitangaza kwamba limeona dalili za gesi ya fosfini kwenye mawingu ya sayari ya Zuhura. Kiasi kilichotajwa kilikuwa molekuli 20 katika kila molekuli bilioni moja. Wengi wetu tunaifahamu fosfini bila kulijua jina lake. Ndiyo gesi inayotoka kwenye vidonge vya kufukizia mahindi ghalani, ile inayoua dumuzi, na ambayo imekwisha kuua hata watu waliolala karibu na magunia. Kwenye mawingu ya Zuhura gesi hiyo haitarajiwi kudumu. Ikionekana, basi kuna kitu kinachoitengeneza kila mara, na hapa duniani fosfini ya asili huhusishwa na vijidudu vinavyoishi pasipo oksijeni. Vichwa vya habari vya kesho yake unaweza kuvikisia mwenyewe.

Watafiti hao, kwa haki yao, hawakusema wamegundua uhai. Walisema wameona gesi ambayo hawajui imetoka wapi. Lakini jioni ya leo sitaki tubishane juu ya uhai. Nataka tuzungumzie kazi ambayo haipigiwi tarumbeta wala kutolewa tuzo: kazi ya kuhakiki vipimo vya darubini. Habari ile ya Zuhura ilikuja kuyumba hapo, wala si penginepo.

Darubini zilizotumika zilikuwa mbili. Ya kwanza ni James Clerk Maxwell, sahani yenye kipenyo cha mita 15 iliyopo juu ya mlima Maunakea, Hawaii, karibu mita 4,100 kutoka usawa wa bahari. Hiyo iliitazama Zuhura mwezi Juni 2017. Ya pili ni ALMA, mkusanyiko wa antena 66 kwenye uwanda wa Chajnantor nchini Chile, mita 5,000 juu, katika jangwa la Atacama. Yenyewe iliitazama Machi 2019. Zote mbili hazioni mwanga tunaouona sisi. Hupokea mawimbi ambayo urefu wake ni milimita moja hivi kushuka hadi theluthi moja ya milimita, yaani yaliyo kati ya mawimbi ya redio na joto la mionzi ya infraredi. Alama ya fosfini iliyotafutwa ipo kwenye urefu wa milimita 1.123. Mtu mnyoofu wa hesabu atanikumbusha kwamba hiyo imezidi milimita moja. Ni kweli, ila vyombo ni vilevile na adui ni yuleyule.

Adui huyo ni maji. Mvuke uliomo hewani hunywa mawimbi haya kabla hayajafika chini. Wataalamu huupima kwa swali rahisi: kama mvuke wote ulio juu ya kichwa chako ungegeuzwa kuwa maji, yangejaa kina gani? Kwenye pwani yetu jibu ni sentimita kadhaa, na kwa mawimbi haya anga ya pwani ni ukuta. Chajnantor, kwa usiku wa kawaida, jibu ni karibu milimita moja, na usiku mzuri hushuka chini ya nusu milimita. Ndiyo maana watu hupanda huko hata kama pumzi inakata.

Hata huko juu ukuta haujaisha, umekuwa mwembamba tu. Hebu tuchukue takwimu za Maunakea. Darubini ya Maxwell ina kamera iitwayo SCUBA-2, yenye vihisi zaidi ya 10,000 viitwavyo bolomita, vilivyopozwa hadi chini ya sehemu moja ya kumi ya digrii juu ya sifuri kamili, baridi ambayo hata anga za mbali hazina. Kamera hiyo hutazama mawimbi ya aina mbili kwa pamoja, ya mikromita 850 na ya mikromita 450. Kwa kanuni zilizochapishwa mwaka 2013 na Jessica Dempsey na wenzake, usiku uliokauka sana, darubini ikiwa imeelekea utosini, mawimbi ya 850 hupenya kwa asilimia 81 na yale ya 450 kwa asilimia 37. Mvuke ukiongezeka zaidi ya mara mbili, na jicho lako halitaona tofauti yoyote kwani nyota zitameremeta vilevile, ya 850 hushuka hadi asilimia 64. Ya 450 huporomoka hadi asilimia 10. Nyota haijabadilika hata chembe, lakini mashine inasema imefifia karibu mara nne.

Na hapo darubini imeelekea juu moja kwa moja. Ukiilaza hadi digrii 30 kutoka upeo wa macho, mawimbi hupita kwenye hewa mara mbili zaidi, na ile asilimia 37 ya usiku mzuri inabaki 14. Basi namba mbichi inayotoka kwenye kamera haina maana yoyote mpaka mtu aseme: saa hiyo, upande huo wa anga, hewa ilikula kiasi gani?

Kuna njia zaidi ya moja ya kulijibu swali hilo. Moja ni kuyauliza maji yenyewe. Molekuli ya maji hutoa mnong'ono wake wa redio kwenye masafa ya gigahezi 183, na nguvu ya mnong'ono huo hutegemea wingi wa mvuke. Antena za ALMA zenye kipenyo cha mita 12 zimefungwa kila moja kipokeaji cha kuusikiliza, na kipimo huchukuliwa kila sekunde. Kwa ALMA jambo hili ni zito kwa sababu nyingine pia. Mvuke mbali na kufifisha wimbi hulichelewesha, na antena zinaweza kuwa zimeachana hadi kilomita 16, kila moja chini ya kipande chake cha hewa. Wimbi likichelewa huku na likawahi kule, picha inavurugika. Maxwell nayo ina kipokeaji cha namna hiyo, kinachotazama upande uleule unaotazamwa na darubini.

Njia nyingine ni ya zamani zaidi, na mimi naipenda kwa ujanja wake. Iliandikwa na Arno Penzias na Charles Burrus mwaka 1973. Penzias ni yuleyule aliyegundua, pamoja na Robert Wilson, joto lililosalia tangu mwanzo wa ulimwengu. Nisikilize polepole hapa. Weka mbele ya kipokeaji kipande cha kitu cheusi chenye joto la kawaida la chumbani, kisha kipime. Kiondoe, pima anga tupu. Anga nayo inatoa joto, kwa sababu hewa inayomeza mawimbi ndiyo hiyohiyo inayoyatoa, na joto lake halitofautiani sana na la kile kipande cheusi. Sasa toa kipimo cha anga kwenye kipimo cha kipande. Kinachobaki ni joto la kipande likiwa limepunguzwa kwa kiasi kilekile ambacho hewa inaipunguza nyota. Gawanya kipimo cha nyota kwa tofauti hiyo, na upungufu wa hewa unajifuta wenyewe, juu na chini ya mstari wa mgawanyo. Hukuhitaji kujua hewa imekula kiasi gani. Umeifanya hewa iwe shahidi dhidi yake yenyewe. Njia hiyo ina makadirio ndani yake, maana joto la hewa si sawasawa kabisa na la chumbani. Ndiyo maana ALMA hutumia vipande viwili, kimoja cha joto la kawaida na kingine kilichopashwa moto. Lakini msingi ni uleule.

Hewa tumeimaliza, ila chombo chenyewe bado. Kamera inatoa namba za umeme, na astronomia inataka janski, kipimo cha nguvu ya mawimbi kilichopewa jina la Karl Jansky, mhandisi Mmarekani aliyeyasikia mawimbi ya redio kutoka katikati ya galaksi yetu miaka ya mwanzo ya 1930. Nani aseme umeme kiasi hiki ni janski ngapi? Msikilizaji, umemwona mkaguzi wa Wakala wa Vipimo akifika sokoni. Haji kupima viazi vya mtu. Anakuja na mawe yake ambayo uzito wake unajulikana, anayaweka kwenye mizani ya muuzaji, na mizani ikikubaliana nayo anabandika stika. Wanaastronomia wanahitaji mawe ya namna hiyo, ila ya kwao lazima yaning'inie mbinguni, na hakuna mkono wa kuyaleta mezani.

Mawe wanayoyatumia zaidi ni sayari. Uranus na Neptune zinapendwa kwa sababu zinang'aa kiasi cha kutosha na ni ndogo machoni, zikionekana karibu kama nukta. Mirihi hutumika pia, na ALMA huitazama hata miezi ya Mshtarii kama Callisto na Ganymede. Kisha yapo mawe ya daraja la pili, yanayokuwepo wakati sayari zimezama: CRL 618, wingu la nyota inayokufa, lenye karibu janski 5 kwenye mikromita 850, na mwenzake CRL 2688.

Lakini nani aliipima Uranus? Kazi mashuhuri ya Griffin na Orton ya mwaka 1993, ambayo uhakiki mwingi wa baadaye umeegemea juu yake, iliipima Uranus na Neptune kwa kuzilinganisha na Mirihi. Na Mirihi? Hiyo inategemea hesabu za joto la uso wake, udongo wake, kofia zake za barafu, na sayari ile ina dhoruba za vumbi ambazo wakati mwingine huifunika yote. Uranus yenyewe imelala ubavu na huzunguka jua kwa miaka 84, kwa hiyo uso inaotuonyesha leo si uso ambao chombo cha Voyager 2 kiliupita mwaka 1986. Ukiufuata mnyororo huu mpaka mwisho unafika kwenye kitabu cha fizikia na makadirio ya werevu, na wataalamu hukiri wazi kwamba hata hizo sayari bora zina shaka ya asilimia tano hivi. Anayekuletea kipimo cha anga cha mawimbi haya chenye usahihi wa asilimia moja, muulize alikopata jiwe.

Kwasari, zile galaksi za mbali zenye shimo jeusi linalokula, hutumika pia, hasa kufuatilia ucheleweshaji wa mawimbi. Shida ya kwasari ni tabia yake ya kupanda na kushuka mwanga kwa majuma au miezi, hivyo ALMA hulazimika kulipima kundi la kwasari kadhaa mara kwa mara dhidi ya sayari. Jiwe linalobadilika uzito, lakini mwenye duka anajua limebadilika kiasi gani tangu juzi. Inakubalika, mradi daftari liandikwe.

Na mizani nayo haikai. Mwaka 2013 kazi ya Dempsey ilisema kwamba kwa SCUBA-2, kwenye mikromita 850, zidisha kila pikowati inayosomwa na kamera kwa 537 upate janski. Mwaka 2021 Steve Mairs na wenzake walipitia miaka kumi ya vipimo na kutoa namba mpya: kwa data za kuanzia katikati ya mwaka 2018, baada ya matengenezo ya kioo cha pili cha darubini, tumia 495. Kanuni ya hewa nayo iliguswa humohumo. Halafu wakaongeza jambo ambalo kila mpishi wa data alikuwa analishuku: jioni, jua linapozama na chuma kinapoanza kupoa, sahani inajipinda kidogo na namba inakuwa si ileile ya usiku wa manane. Saa unayotazama imo ndani ya kipimo chako, upende usipende.

Sasa turudi Zuhura, na hapa ndipo mambo yanapokuwa magumu kuliko yote niliyosema. Watu hawa hawakuwa wanapima mwanga wa Zuhura kwa ujumla. Zuhura inang'aa mno, hiyo si kazi. Walikuwa wanatafuta bonde dogo kwenye mstari wa mwanga huo, mahali ambapo fosfini imenyonya kidogo, na kina cha bonde hilo kilikuwa karibu sehemu moja tu katika elfu kumi. Mwanga mkali namna ile unapoingia kwenye darubini hurukaruka kati ya sahani na kipokeaji na kuacha mawimbi bandia kwenye mchoro, vilima na mabonde ambayo hayatoki Zuhura kabisa. Ukubwa wa mabonde hayo bandia unaweza kuzidi ule wa bonde unalolitafuta. Kwa hiyo uhakiki hapa ulikuwa na kazi ya kuondoa umbo la mashine lote, kwa usahihi wa sehemu moja katika elfu kumi, bila kuliondoa umbo la gesi.

Watafiti waliondoa vilima hivyo kwa kuchora mstari laini uliopinda, kisha kuutoa. Kwenye data za ALMA mstari huo ulikuwa polinomia ya daraja la kumi na mbili. Ignas Snellen na wenzake wa Leiden, Uholanzi, walichukua data zilezile na kufanya jaribio ambalo kila mhariri angependa lifanywe kabla ya uchapishaji: walirudia hatua zilezile kwenye sehemu nyingine za mchoro ambako hakuna gesi inayotarajiwa. Wakapata mabonde mengine kadhaa, yenye nguvu ileile kwenye karatasi, ya gesi ambazo hazipo. Ukiupa mstari ruhusa ya kujikunja mara nyingi kiasi hicho, na ukauzuia usiguse mahali pale pale unapotarajia bonde, bonde litakuja.

Wakati huohuo waangalizi wa ALMA wenyewe waligundua kwamba hatua za uhakiki zilizotumika kwenye data hizo zilikuwa na kasoro. Data zikaondolewa kwenye hifadhi, zikachakatwa upya, zikarudishwa Novemba 2020. Kundi la Greaves lilizipitia tena, na ile 20 katika bilioni ikashuka hadi kati ya 1 na 4. Bado waliona bonde, lakini sasa lilikuwa jambo la kujadiliwa kwa sauti ya chini. Wengine walionyesha kwamba gesi ya dioksidi ya sulfuri, ambayo Zuhura inayo bila ubishi, ina alama yake jirani kabisa na ya fosfini. Yapo pia mabishano kuhusu tabia ya ALMA yenyewe: mkusanyiko wa antena zilizoachana hauoni vizuri kitu kilichotanda sawasawa juu ya sayari nzima, kwa hiyo unaweza kuipunja dioksidi ya sulfuri na hivyo kuipendelea fosfini. Baadaye darubini ya ndege ya SOFIA, iliyorushwa juu ya sehemu kubwa ya mvuke, haikuiona fosfini, na wachambuzi wake waliweka kikomo cha chini ya molekuli moja katika bilioni. Kundi la Greaves halikukubaliana na uchambuzi huo. Darubini ya Maxwell imeendelea kuitazama Zuhura, na shauri halijafungwa.

Maoni yangu ni haya. Simlaumu Greaves kwa kutangaza. Alionyesha kazi yake na data zake zilikuwa mahali ambapo wengine wangeweza kuzifungua, na walizifungua. Ninachokilaumu ni ile desturi ya kuiona hatua ya uhakiki kama kazi ya fundi, kitu kinachomalizwa kabla sayansi haijaanza, ambacho mwandishi wa habari hakiulizii na mtafiti hukipa aya moja. Kwa kipimo cha sehemu moja katika elfu kumi, aya hiyo moja ndiyo ugunduzi.

Wapo waliojiandaa mapema zaidi. Picha ya shimo jeusi la galaksi ya M87, iliyotolewa tarehe 10 Aprili 2019, ilitokana na vipimo vya siku chache za Aprili 2017 kwa mawimbi ya milimita 1.3, na darubini hizi mbili za leo zilikuwemo. Ilichukua miaka miwili. Hata darubini ya Ncha ya Kusini, ambayo haiwezi kuiona M87 kabisa, ilisaidia kuhakiki vipimo, na diski zake za data zilisubiri majira ya baridi yaishe ndipo ndege iweze kuzichukua. Data zilipokuwa tayari, timu nne ziliagizwa kutengeneza picha kila moja peke yake, bila kuonyeshana. Zilipokutana, zote nne zilikuwa na pete.

Kwa walimu wa fizikia na wanafunzi wa vyuo wanaonisikiliza, nina neno moja. Data za ALMA, kwa kawaida, hubaki mikononi mwa watafiti walioziomba kwa miezi 12, kisha hufunguliwa kwa mtu yeyote duniani. Humo mna vipimo vya nyota pamoja na vipimo vya mawe, yaani sayari na kwasari zilizotazamwa usiku uleule, na programu ya kuzichakata, iitwayo CASA, hutolewa bure. Huhitaji mlima wa mita 5,000. Unahitaji kompyuta yenye nguvu kiasi, intaneti isiyokatika, na subira. Anza na mawe. Chukua kwasari moja, hakiki kipimo chake wewe mwenyewe, ulinganishe na kilichoandikwa na waangalizi. Mkitofautiana, waandikieni, maana wana dawati la msaada na hupokea maswali kutoka popote.